Kuchagua Muhogo Wenye Ukinzani wa Batobato

Batobato ni ugonjwa wa muhogo unaosababishwa na virusi. Majani ya mmea ulioshikwa huingia mabaka ya manjano, hujikunja na kuwa madogo, nao mmea hupungukiwa na uwezo wa kujitengenezea chakula. Kwa hiyo mizizi hubaki myembamba. Virusi hivyo huenezwa na nzi weupe, na pia na mkulima mwenyewe akatapo vipando katika shina lililokwisha ugua. Kwa kuwa hakuna dawa ya kuuponya mmea shambani, kinga kubwa ni kupanda aina zenye ukinzani. Je, aina hizo hutambuliwaje?

Mmea wenye majani mazuri si lazima uwe na ukinzani. Huenda nzi hawajaufikia tu. Mambo hayo mawili yasipotofautishwa, wakulima huweza kugawiwa mbegu itakayowatia njaa msimu ufuatao. Kwa sababu hiyo, aina zinazojaribiwa hupandwa mahali palipoenea ugonjwa, na kati ya mistari yake hupandwa aina dhaifu iuguayo upesi, ili virusi visikosekane. Kila mmea hukaguliwa mara kadhaa na kupewa alama: 1 kwa usio na dalili, hadi 5 kwa uliodumaa na kupotoka majani vibaya. Jaribio hurudiwa kwa misimu na mahali mbalimbali.

Kazi ya namna hii ilifanywa Amani, katika milima ya Usambara, tangu miaka ya 1930, na wataalamu H. H. Storey na R. F. W. Nichols. Walipoona kuwa ukinzani uliomo katika muhogo hautoshi, waliuzalisha pamoja na mti wa mpira, Manihot glaziovii, ndugu yake ambaye watu wa pwani hupika majani yake kuwa kisamvu. Machotara yalirithi ukinzani, lakini mizizi yake haikufaa kwa chakula. Ikabidi yazalishwe tena na muhogo mara tatu, na kila kizazi kichujwe, hata ukinzani na mizizi mizuri vikakutana katika mmea mmoja.

Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950. Huko Ibadan ulichaguliwa mmea uliopewa namba 58308, ambao ulikuja kuwa mzazi wa aina nyingi za muhogo barani Afrika. Batobato kali ilipoangamiza mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, mojawapo ya aina za ukoo huo, TMS 30572, iligawiwa wakulima kwa jina la Nase 3.

Hata hivyo, ukinzani wa ugonjwa mmoja si ngao ya magonjwa yote. Kuanzia mwaka 2004, ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi ardhini, ulienea Uganda na kuziharibu aina kadhaa zilizokwisha ishinda batobato. Tangu hapo imekuwa lazima kila aina ipimwe kwa magonjwa yote mawili, na mizizi ichimbwe na kukatwa kabla ya kuisifu kwa uzuri wa majani yake.