Kijiji cha Ikonda

Ikonda ni kijiji katika nchi ya Wakinga, Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Kimekaa juu milimani, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo baridi yake ni kali. Mwezi wa Juni na wa Julai sakitu huweza kuanguka usiku, ikaunguza majani ya viazi. Mnazi hauoti huko. Huota ngano, matufaha, na mianzi ambayo hugemwa ulanzi wakati wa mvua.

Zamani vijana wengi wa Kikinga waliiacha milima yao, wakaenda mbali kutafuta mshahara, hata kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa. Kisha, katika miaka ya 1960, Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Turin, Italia, mwaka 1901, walijenga hospitali hapo Ikonda. Basi safari zikageuka. Siku hizi wagonjwa hupanda mlima kutoka Mbeya, Songea, hata Dar es Salaam, mji wenye hospitali kubwa nyingi. Jamaa zao wanaowauguza huhitaji chakula na malazi, na kwa ajili yao wenyeji wamefungua maduka na nyumba za wageni. Mtu wa pwani ashukapo garini jioni, kabla hajamwulizia daktari, huulizia blanketi.