Dawa ya Mtoto Huanza Uani

Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya maradhi yanayoletwa na mbu, maji machafu na chakula kibaya. Mwezi huu tunataka kuangalia sumu itokayo ardhini. Haina harufu wala ladha, na baba au mama huweza kuiingiza nyumbani bila kujua, tena akiwa katika kuwatafutia watoto riziki. Tutajifunza kutokana na yaliyowapata watu wa Zamfara, moja ya majimbo ya serikali ya Nigeria, upande wa kaskazini-magharibi, kuanzia mwaka 2010. Familia nyingi za parokia zetu zina baba, kijana au binti aendaye machimboni. Kwa hiyo habari ya Zamfara, ingawa ni ya mbali, inatuhusu.

Watoto walikufa kwa degedege

Mwanzoni mwa mwaka 2010, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipata habari kwamba katika vijiji vya wilaya za Anka na Bukkuyum watoto wadogo walikuwa wakifa kwa wingi usio wa kawaida. Mtoto alitapika, akalalamika tumbo, kisha akashikwa na degedege na kupoteza fahamu. Wazazi walidhani ni malaria, kama ambavyo mzazi yeyote wa kwetu angedhani. Lakini dawa za malaria hazikusaidia. Damu ya watoto ilipopelekwa maabara ya nje ya nchi, ilionekana imejaa madini ya risasi.

Mwezi Mei na Juni 2010 wataalamu wa Nigeria pamoja na wa Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili, Dareta na Yargalma. Waligundua kwamba kati ya watoto 463 wa chini ya miaka 5, watoto 118 walikuwa wamekufa katika muda wa mwaka mmoja tu. Ni kama mtoto 1 katika kila 4. Asilimia 82 ya waliokufa walishikwa na degedege kwanza. Watoto 204 waliobaki hai walipimwa damu, na asilimia 97 kati yao walikuwa na risasi mikrogramu 45 au zaidi kwa kila desilita ya damu. Hicho ni kiwango ambacho kwa kawaida daktari humwanzishia mtoto dawa ya kuitoa sumu hiyo mwilini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chochote cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Katika vijiji vyote vilivyopatwa, watoto waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 400.

Risasi iliingiaje nyumbani?

Tunaposema risasi hatuna maana ya ile ya bunduki. Tunasema juu ya madini yenyewe, laini na mazito, ambayo katika sehemu nyingine hukaa pamoja na dhahabu ndani ya mwamba mmoja. Bei ya dhahabu ilipopanda, wachimbaji wadogo wa Zamfara walizidi kuleta mawe nyumbani. Mawe yalipondwa kwa nyundo uani, yakasagwa kwa mashine zilezile za kusagia nafaka, yakaoshwa, kisha dhahabu ikakamatwa kwa zebaki. Kazi kubwa ya kuponda na kuosha ilifanywa na wanawake. Katika desturi ya Wahausa wa huko, mke wa mtu hukaa zaidi ndani ya ua wake, na hivyo kazi ilimfuata humo humo. Vumbi likaangukia sakafu ya udongo, mikeka, vyombo, nguo na mahali pa kuchezea watoto. Katika Dareta na Yargalma risasi ilikutwa katika nyua zote 119 zilizopimwa.

Mtoto mdogo hutambaa, hushika kila kitu na kutia vidole kinywani. Tena tumbo lake hunyonya risasi mara 4 au 5 kuliko la mtu mzima, na ubongo wake ungali ukikua. Ndiyo sababu baba aliyeshinda shimoni alionekana mzima, na mtoto aliyebaki nyumbani akafa. Mama mjamzito naye humpitishia sumu hiyo mtoto aliye tumboni.

Kwa nini watu walinyamaza?

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini tusiwahukumu haraka watu wa Zamfara. Wageni walipofika na kuuliza juu ya watoto waliokufa, wengine walisita kusema. Waliogopa kwamba wakisema ukweli, serikali itafunga machimbo, nao watakosa chakula. Hofu hiyo haikuwa ya bure, maana amri ya kupiga marufuku uchimbaji ilitolewa kweli. Amri kama hiyo, isipoambatana na njia nyingine ya kuishi, huwafanya watu waendelee na kazi kwa siri. Na mahali pa siri kuliko pote ni ndani ya nyumba, pale pale walipo watoto.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kusafisha sumu ya madini si kazi ya majembe na magari peke yake. Kwanza ni kazi ya kuaminiana.

Usafi kabla ya dawa

Ipo dawa inayoikamata risasi katika damu na kuitoa kwa njia ya mkojo. Watoto waliokuwa taabani walilazwa na kupewa dawa hiyo. Lakini madaktari walijua jambo moja gumu: mtoto akitibiwa leo na kesho akarudishwa katika ua ule ule wenye sumu, matibabu yamepotea bure. Kwa hiyo walisisitiza kwamba nyumba isafishwe kwanza ndipo mtoto arudi na aendelee na dawa. Kwa mzazi ambaye mtoto wake ni mgonjwa, neno kama hilo ni zito sana kulisikia. Lilihitaji kuelezwa kwa upole, kwa lugha yake, na zaidi ya mara moja.

Kazi ya kusafisha ilianza mwezi Juni 2010 katika Dareta na Yargalma. Haikuanza kwa kuchimba. Ilianza kwa mazungumzo na Emir wa Anka, wakuu wa vijiji na viongozi wa dini ya Kiislamu, ambayo ndiyo dini ya watu wa huko. Mwanamume mgeni haingii ua wa ndani wa Mhausa bila idhini ya mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo ilibidi idhini iombwe nyumba kwa nyumba, na wanawake waelezwe na wanawake wenzao. Bila hilo, hakuna ambaye angejua ni kona gani ya ua mawe yalipondwa, wala ni mkeka upi mtoto hulalia.

Kisha walioshika majembe walikuwa watu wa vijiji wenyewe, walioajiriwa na kufundishwa, wakifanya kazi pamoja na watumishi wa serikali ya Zamfara na wataalamu wa kutoka nje. Waliondoa udongo wa juu, kina cha kama sentimita 5, wakautia katika magunia, wakauzika katika mashimo maalumu mbali na nyumba. Mahali pake wakamwaga udongo safi. Udongo ulipimwa kabla na baada, ili mwenye nyumba aone mwenyewe kama ua wake umekuwa salama. Hadi Machi 2011 vijiji 7 vilikuwa vimesafishwa.

Bagega walisubiri

Kijiji cha nane, Bagega, kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Kilikuwa na eneo la kusagia na kuoshea mawe karibu na bwawa la kunyweshea mifugo. Fedha za kukisafisha hazikupatikana upesi. Zaidi ya watoto 1,000 walikuwa wakihitaji kupimwa na kutibiwa, lakini dawa isingefaa kitu kabla ya nyumba zao kusafishwa. Walisubiri mwaka 2011, wakasubiri mwaka 2012. Mwezi Mei 2012 ulifanyika mkutano mjini Abuja kuhusu janga hili, na vikundi vya raia wa Nigeria havikuacha kuikumbusha serikali yao. Mwanzoni mwa 2013 fedha zikatolewa, na kufikia Julai 2013 Bagega ikawa imesafishwa.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba kuwashirikisha watu hakutoshi kama wenye mamlaka hawatimizi sehemu yao. La pili ni kwamba wananchi wanaojua wanachostahili, na wanaokidai kwa amani bila kuchoka, husikilizwa hatimaye.

Kazi haimalizwi kwa siku moja

Miongoni mwa wataalamu walioongoza usafishaji wa Zamfara alikuwamo Ian von Lindern, mhandisi kutoka Idaho, Marekani. Kwao Idaho walikuwa wamepitia msiba unaofanana. Mwaka 1973 moto uliharibu mitambo ya kuchujia moshi katika kiwanda cha kuyeyushia risasi cha Bunker Hill, na kiwanda kikaendelea kufanya kazi kwa miezi mingi. Watoto wa jirani wakajaa risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 1981, lakini sumu ilibaki katika bustani na viwanja vya nyumba. Kuanzia mwaka 1985 wauguzi wa afya walipima damu za watoto kila mwaka, wakazitembelea familia majumbani na kufundisha mashuleni, huku udongo wa nyua ukiendelea kubadilishwa kwa miaka mingi. Mpaka leo, mtu wa huko anayetaka kuchimba msingi au bustani hupewa maelekezo ya kufuata, ili udongo mchafu uliofukiwa usirudi juu.

Na Nigeria yenyewe ilionywa tena. Mwaka 2015 watoto 28 walikufa kwa sumu hiyo hiyo katika Jimbo la Niger, vijiji vingine kabisa. Maana yake ni kwamba elimu iliyotolewa mahali pamoja haisafiri yenyewe. Lazima ipelekwe.

Na sisi tufanye nini?

Hatusemi kwamba kila mwamba wa dhahabu una risasi nyingi kama ule wa Zamfara. Miamba hutofautiana, na kwa macho huwezi kutambua. Ni kipimo tu kinachoonyesha. Lakini vumbi la mawe na mvuke wa zebaki ni vitu vya kuogopwa popote. Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Mawe ya dhahabu yasiletwe nyumbani, wala yasipondwe uani. Kazi hiyo ibaki mwaloni, mbali na makazi.

2. Mashine ya kusagia unga isisagie mawe hata mara moja.

3. Atokaye machimboni aoge na kubadili nguo kabla hajambeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

4. Watoto na mama wajawazito wasikae mwaloni. Zebaki isichomwe jikoni wala ndani ya nyumba.

5. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, ili vumbi lisiruke. Watoto wanawe mikono kabla ya kula.

6. Mtoto akishikwa na degedege, akimbizwe hospitali mara moja. Apimwe malaria, na mzazi amweleze mganga bila kuficha kwamba nyumbani kuna kazi ya dhahabu. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha yake.

7. Mkishuku udongo wenu una sumu, msianze kuukwangua wenyewe mkiwa wakavu. Mtarusha vumbi na kuongeza madhara. Toeni taarifa kwa mganga wa kituo na kwa serikali ya kijiji, muombe vipimo.

Na ikitokea siku moja wataalamu wakaja kusafisha mahali penu, msiwakimbie, wala msikae kimya mkitazama. Itisheni mkutano, na akina mama wawepo na waseme, maana wao ndio wanaojua watoto wanachezea wapi. Ulizeni: Mmepima nini, na katika nyumba ya nani mmekuta sumu? Udongo mchafu utazikwa wapi, na je, pako mbali na kisima? Nani ataajiriwa, na atapewa kinga gani? Watoto watapimwa lini, na dawa ipo? Mwakani nani atarudi kutazama kama pangali safi? Wachimbaji wafanye kazi wapi, ili riziki isipotee na watoto wasife?

Mtaalamu mwema atafurahi kuulizwa. Kule Zamfara, mlango wa ua ulifunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, baada ya kuelezwa ukweli na kusikilizwa hofu yake. Ndipo udongo ulipotoka, na dawa ikaanza kumfaa mtoto.