Swali Lililo Nje ya Mada Darasani

Kila mwalimu wa sayansi hulijua swali la namna hii. Tuseme darasa ni la Kidato cha Pili hapa Madungu, Chake Chake, wakati wa msimu wa karafuu. Mada ni joto, na mwalimu anaeleza kwamba joto husafiri kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi. Mara mwanafunzi anainua mkono: "Mbona karafuu mbichi zikilala ndani ya gunia, asubuhi ukitia mkono ni za moto, na hapana moto uliowashwa karibu yake?" Wenzake wanacheka, kwani karafuu ni habari ya shamba. Kipindi ni cha dakika 40 na muhtasari wa masomo ni mrefu. Mwalimu afanyeje?

Kabla ya kumjibu, yafaa tukumbuke kisa cha nchi yetu wenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. (Jina lisitupoteze: alikuwa mtu wa bara, ingawa wengi kisiwani humu wangependa kumdai.) Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa, na desturi ilikuwa kuyaacha yapoe kwanza. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikaribia kwisha, naye akayatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, katika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena wakati wa somo la kupoa kwa vitu. Safari hii mwalimu alisema kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na neno hilo likawa mzaha wa darasa zima.

Ndipo Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam alipoalikwa Mkwawa kuzungumza juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Swali la maji ya moto na jokofu halikuwa na uhusiano wowote na mada hiyo. Mpemba akaliuliza hata hivyo, na wenzake wakaona amewaaibisha mbele ya mgeni. Osborne naye hakuliamini sana. Lakini alifanya mambo matatu: aliomba swali lirudiwe, akauliza kama mwulizaji amelijaribu mwenyewe, kisha akakiri kwamba hajui na akaahidi kulipima atakaporudi Dar es Salaam. Ahadi aliitimiza. Mtumishi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la Physics Education.

Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba funzo lake ni kuwa mwanafunzi alikuwa na haki kwa sababu jibu lake lilikuwa kweli. Sikubaliani nao. Sababu za tukio hilo zingali zikibishaniwa: wengine hutaja maji yanayopotea kwa mvuke, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine hewa iliyoyeyuka majini. Mwaka 2016 Burridge na Linden walionyesha kwamba tofauti ndogo tu ya mahali kinapowekwa kipimajoto yaweza kuzaa matokeo ya uongo, na wakatilia shaka tukio lenyewe. Hata likikanushwa kesho, Mpemba alistahili kusikilizwa, kwa kuwa alileta jambo aliloliona kwa macho yake na njia ya kulipima.

Tukirudi Madungu, swali la karafuu lina sifa hizo hizo. Karafuu ni matumba ya maua, na yakisha kuchumwa huendelea kupumua kwa muda: sukari iliyomo huungana na oksijeni na kutoa joto. Vijidudu navyo huongeza lao. Zikitandazwa juu ya jamvi, joto hilo hupotea hewani. Zikishindiliwa gunia, halina pa kutokea, na mkulima hupata hasara. Kanuni ya mwalimu haikuvunjwa hata kidogo, kwani joto bado linatoka penye moto kwenda penye baridi. Kilichokosekana ni kueleza lilikozaliwa.

Lakini wanafunzi wengine 40 nao wana haki ya kipindi chao, na mwalimu hawezi kuwaacha akafuata gunia. Dakika mbili zatosha. Amwulize mwanafunzi kama amezishika karafuu hizo mwenyewe, aandike swali pembeni mwa ubao pamoja na jina la mwulizaji, ataje siku ya kulirudia, kisha aendelee na somo. Iwapo ni la elimu-viumbe, alipeleke yeye mwenyewe kwa mwalimu mwenzake, asimwachie mtoto kuzunguka nalo. Siku iliyotajwa ikifika, vitahitajika vipimajoto vitatu: kimoja katikati ya gunia, cha pili katika karafuu zilizotandazwa kivulini, cha tatu hewani, na vyote visomwe kila baada ya saa mbili.