Nani Alipie Majitaka ya Mlimani?

Mkutano wa mtaa ukiitishwa kujadili bomba la majitaka, mazungumzo hayafiki mbali kabla mtu hajauliza: kuunganishiwa ni shilingi ngapi? Ni swali la haki. Familia inayoishi kwa kuuza dagaa au kwa kibarua cha siku haiwezi kukubali jambo lolote bila kujua litagusa mfuko kwa kiasi gani. Kasoro ya swali hilo ni kwamba linalichukulia bomba la majitaka kama umeme au maji ya bomba, huduma ambayo anayelipa ndiye anayefaidi. Katika milima ya Mwanza mambo hayako hivyo. Anayetoa majitaka anakaa juu, anayeumia nayo anakaa chini, na pengine hawajuani. Ndiyo maana nasema gharama za mfumo wa majitaka wa milimani haziwezi kugawanywa nyumba kwa nyumba kwa ada ya mkupuo inayodaiwa kabla ya kuunganishwa. Mradi ukipangwa hivyo utadorora hata kama mabomba yake yamelazwa vizuri.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mabatini, Igogo, Isamilo, Bugarika na Kilimahewa ni maeneo ambayo nyumba zimejibana katikati ya mawe makubwa ya itale, nyingine zikiegemea jiwe kama ukuta wa nne. Mchimba choo wa tambarare hushuka mita tatu au nne bila shida. Huku juu sururu hugonga mwamba mapema, na kuendelea kunahitaji nyundo, moto na siku nyingi za malipo ya fundi. Wengi huishia kina kifupi, kisha hujenga kuta za shimo juu ya ardhi na kupanda ngazi kwenda chooni. Hesabu ya shimo kama hilo si ngumu. Wataalamu hukadiria kuwa mtu mmoja hujaza shimo kavu kwa lita 40 hadi 60 kwa mwaka. Nyumba ya kupanga yenye watu kumi huweka basi hadi lita 600 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo shimo la lita 1,500 halimalizi miaka mitatu. Hiyo ni ikiwa maji ya kuogea hayaingii humo. Yakiingia, na bafu na choo mara nyingi ni chumba kimoja, shimo hujaa mapema zaidi, hasa pale ambapo mwamba wa chini haunyonyi.

Likijaa, mwenye nyumba ana njia chache. Gari la majitaka halipandi vichochoro vya ngazi, na mpira wake wa kunyonya haufiki mbali na barabara. Kuna vibarua wanaoingia shimoni na ndoo, wale ambao Dar es Salaam huwaita vyura; kazi yao ni hatari, na wanapomaliza, uchafu hufukiwa jirani au humwagwa. Njia ya tatu haina risiti: kusubiri mvua kubwa, kutoboa tundu chini ya ukuta wa shimo na kuliacha litapike. Kila aliyekaa bondeni wakati wa masika anajua kinachoteremka na mvua. Hukimbilia mitaroni, huingia Mto Mirongo unaokatiza katikati ya mji, na Mirongo humwaga kwenye Ghuba ya Mwanza, ghuba ileile ambako chanzo cha maji cha Capri Point huvuta maji ya kunywa ya jiji. Kutapisha choo kwa mvua kunahesabiwa kuwa bure kwa sababu bili yake hupelekwa kwa mtu mwingine: mama wa bondeni anayenunua dawa ya kuharisha, mamlaka ya maji inayoongeza kemikali, mvuvi anayesafisha gugumaji kwenye nyavu.

Kipindupindu ndicho kilichowahi kuiweka bili hiyo hadharani. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi, Mwanza ukiwemo, na idadi ya wagonjwa nchini ikapita 20,000 kabla haujatulizwa. Lakini hata pasipo mlipuko, ziwa linaweka hesabu yake. Ziwa Victoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, na ukubwa huo huwafanya watu waamini kwamba lina uwezo wa kumeza chochote. Wanasahau kwamba ni ziwa la kina kifupi, wastani wa mita 40 hivi, lenye mto mmoja tu unaotoka, Nile, pale Jinja. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke haubebi uchafu. Mbolea iliyomo kwenye kinyesi hubaki humo ikilisha mwani na gugumaji, na ghuba zilizojikunja, kama hii yetu, ndizo hudhurika mwanzo.

Kisha kuna jambo ambalo ni nadra kusikika kwenye mikutano ya majitaka kwa sababu huzungumzwa kwenye sherehe za majisafi. Mtambo wa Capri Point una uwezo wa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku, na mwaka 2023 mtambo mpya wa Butimba ulianza kuongeza uwezo wa lita milioni 48. Ni habari njema, na jiji lenye wakazi zaidi ya milioni moja lilizihitaji. Ila wahandisi wa majitaka kila mahali huanza hesabu zao kwa kanuni moja: karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa yamechafuka. Ondoa yanayovuja njiani, ondoa yanayokwenda miji ya pembeni, bado ni mamilioni ya lita za majitaka mapya kila siku, na hayo hayaulizi kama mtaa una bomba la kuyapokea. Aliyekuwa akiogea ndoo moja, akipata bomba uani ataogea mbili. Kuleta maji mlimani bila kuyaondoa ni kuharakisha kujaa kwa mashimo yaleyale.

Ufumbuzi wa kiufundi upo, na Mwanza imekwisha kuujaribu. Chini ya programu ya maji na usafi wa mazingira ya Ziwa Victoria, iliyogharimiwa na mikopo ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa pamoja na fedha za Serikali, mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, ilipeleka mfumo rahisi wa majitaka kwenye makazi ya milimani. Urahisi wake uko kwenye vipimo. Mfumo wa kawaida hutaka bomba nene lililofukiwa zaidi ya mita moja, katikati ya barabara inayopitika kwa gari, na chemba kubwa ya zege anayoweza kuingia mtu. Mfumo rahisi hutumia bomba la milimita 100 kwenye kichochoro, likiwa na kifuniko cha udongo cha sentimita 40 hivi kwa kuwa hakuna lori litakalopita juu yake, na badala ya chemba kubwa kuna visanduku vidogo vya kukagulia kwenye kila kona. Bomba hupinda kukwepa jiwe badala ya jiwe kulipuliwa. Mteremko, uliokuwa adui wa mchimba choo, hapa ni msaada: majitaka hushuka yenyewe hadi bomba kuu la chini, na pampu huhitajika tu huko tambarare kuyafikisha kwenye mabwawa ya Butuja, Ilemela, ambako jua, mwani na bakteria huyasafisha kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo swali la kama inawezekana limeshajibiwa. Lililobaki ni la mgawanyo wa gharama, na hapo kuna mambo ya kujifunza kwa wengine. Huko Orangi, makazi makubwa yasiyopimwa mjini Karachi, Pakistan, Akhter Hameed Khan alianzisha mwaka 1980 mradi ambao wakazi wa kila kichochoro walichanga na kujijengea bomba lao. Nyumba zaidi ya 100,000 zilipata huduma kwa njia hiyo, kwa gharama ndogo mno kulinganisha na za wakandarasi wa serikali. Mfano huo hupendwa sana na wale wanaosema kila mtaa ujilipie. Wanaacha kusimulia nusu ya pili: mabomba ya vichochoro yalimwaga kwenye mikondo ya wazi, kwa sababu bomba kuu na mtambo wa kusafisha havichangishwi mlango kwa mlango, na serikali ilikawia kufanya sehemu yake. Khan mwenyewe alilijua hilo. Mpango wake tangu awali ulitenganisha kazi ya ndani ya mtaa na kazi ya nje ya mtaa. Brazil, ambako mfumo rahisi ulizaliwa mjini Natal mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikwenda hatua moja mbele. Mjini Brasília mteja hakuwa nyumba, alikuwa kundi la nyumba zilizopakana. Kundi lilikaa, likachagua bomba lipite uani, mbele ya nyumba au kando ya barabara, na gharama ikafuata uchaguzi wao.

Hapa nyumbani, Vingunguti jijini Dar es Salaam, Shirikisho la Watu Maskini Mijini kwa msaada wa shirika la Centre for Community Initiatives (CCI) liliunganisha nyumba kwenye mfumo kama huo, na waliokosa fedha za mkupuo waliweza kukopa kwenye mfuko wa wanachama na kulipa kidogokidogo. Ukiweka mifano hii mitatu pamoja, mgawanyo wa haki kwa Mwanza unajichora: bomba kuu, pampu na mabwawa yalipiwe na jiji zima, kwa kuwa jiji zima hunywa ghuba, bomba la kichochoro lihesabiwe kwa kundi la nyumba, na gharama ya kuunganisha nyumba igeuzwe deni dogo ndani ya bili ya maji ya kila mwezi, kwa miezi ya kutosha.

Mwenye choo kizuri atasema hana sababu ya kuingia. Amechimba karo kwa jasho lake, halijai, mbona adaiwe? Pingamizi lake lina uzito, na jibu si kumwambia ni mbinafsi. Karo lisilojaa mlimani linapaswa kuulizwa maswali: majitaka yanakwenda wapi ikiwa chini ni mwamba? Mara nyingi hupenya kwenye nyufa na kutokea kwa jirani wa chini. Yule ambaye karo lake kweli halivuji na gari linalifikia anaweza kuachwa na ada ya kuunganishwa. Hana haki ya kusamehewa mchango wa bomba kuu, kwa sababu gari likinyonya karo lake, mzigo unaishia kwenye mabwawa yaleyale.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwa mpangaji. Nyumba nyingi za milimani ni za vyumba vya kupanga, mwenye nyumba anaishi kwingine, na anayepita na ndoo asubuhi hana sauti juu ya choo. Ada ya mkupuo humwacha mwenye nyumba akikataa kwa utulivu, maana harufu haimfikii. Deni ndani ya bili huwa na hatari ya kumhamishia mpangaji gharama ya mali isiyo yake. Kwa maoni yangu deni liandikwe kwa jina la mwenye nyumba na lifuate jengo, huku mpangaji akilipia matumizi tu. Kodi itapanda kidogo, sikatai. Mpangaji ataona mwenyewe kama hesabu yake ni bora au la akilinganisha na anachochangishwa kila shimo linapofurika.

Wapo wanaouliza kwa nini walipe chochote ilhali Wazungu wametoa fedha. Zilizotoka Ulaya kwa sehemu kubwa ni mikopo, na mkopo hulipwa, kwa kodi au kwa bili. Tofauti ni nani anabebeshwa: kodi huwagusa hata wa Songea wasiokunywa ghuba hii, bili humgusa anayetumia. Bei za mamlaka za maji huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, baada ya kusikiliza maoni ya wananchi, na kikao hicho kinastahili kujaa watu kuliko kile cha uzinduzi.

Pingamizi ninaloliogopa mimi ni la maji ya mgao. Bomba la majitaka husafishwa na maji yanayopita ndani yake. Mtaa ukikaa siku tatu bila maji, kinyesi hukauka kwenye kona na bomba huziba. Mfumo rahisi huvumilia maji machache kuliko ule wa kawaida, kwa sababu bomba jembamba kwenye mteremko husukuma vizuri hata kwa ndoo moja, lakini hauvumilii ukavu. Nao hauvumilii mchanga wa kusugulia sufuria, mifuko ya plastiki, wala maji ya mvua yanayoelekezwa humo na fundi asiyetaka kuchimba mtaro. Hivyo basi kabla ya kukubaliana bei, wakazi waitake mamlaka iandike ratiba ya maji ya mtaa wao, na kundi la nyumba liandike nani anashika ufunguo wa visanduku, nani anapigiwa simu bomba likiziba usiku, na kiasi gani cha bili ya kila mwezi kinabaki mtaani kumlipa kijana wa kuzibua. Fedha za kujenga zina mfadhili. Za kuzibua hazina, na ndizo zinazopaswa kuingizwa kwenye makubaliano kabla mkandarasi hajashusha bomba la kwanza.