Nani Amemgeuza Mzee?

Wanavikundi, mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda upesi, hasa matakoni na visiginoni. Wauguzi wengi hufundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kwenye nyumba ya wazee, muuguzi msimamizi akisema tu "wageuzeni", kila mtu hudhani mwenzake ameshafanya. Akigawa wazee kwa majina, na kila mhudumu akaandika saa na kutia sahihi, pengo la usiku litaonekana asubuhi. (Wahudumu wawili kwa wazee arobaini, hapo hata karatasi haisaidii.) Huko Marekani, kanuni zilizofuata sheria ya 1987 zinadai mzee aliyeingia bila kidonda asikipatie humo, ila kisichoepukika. Tukiwatembelea wazee wetu, tusisifu sakafu safi tu. Tuulize karatasi ya zamu ya usiku.