NANI ANARUHUSIWA KUCHEZEA TIMU YA TAIFA?

Sheria za uraia katika mpira wa kikapu, na mambo ambayo wazazi wa Kilimanjaro wanapaswa kuyajua

Ndugu msomaji, mpira wa kikapu ni mchezo wa watu watano kwa watano. Kikapu kimefungwa juu, mita 3 na sentimita 5 kutoka chini. Vijana wengi wa Moshi mjini na wa vijiji vya mlimani wanaupenda. Shule nyingine zina uwanja wa saruji. Shule nyingine zina nguzo moja tu na duara la chuma, na vijana wanacheza hivyo hivyo.

Vijana hawa wana ndoto. Wanataka siku moja kuvaa jezi yenye jina la Tanzania. Ndoto hiyo ni njema. Lakini kuvaa jezi ya taifa hakutaki urefu na mbio peke yake. Kunataka uraia, na uraia unatakiwa uonekane kwenye karatasi. Kijana anaweza kuwa hodari kuliko wote, akaachwa nyumbani kwa sababu ya karatasi. Kwa hiyo jambo hili linawahusu wazazi kabla halijawahusu watoto.

TIMU YA KLABU NA TIMU YA TAIFA NI TOFAUTI

Klabu inaweza kuchukua mchezaji wa nchi yoyote, kwa kufuata taratibu za ligi yake na vibali vya nchi. Mchezaji ni kama mfanyakazi. Anafanya kazi ugenini, lakini anabaki raia wa kwao.

Mfano tunao. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Ana urefu wa zaidi ya mita 2 na sentimita 20. Alikwenda Marekani kusoma na kucheza. Mwaka 2009 klabu ya Memphis ilimchagua, naye akawa wa pili kati ya vijana wote waliochaguliwa mwaka huo. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kubwa ya Marekani, yaani NBA. Kuchezea klabu ya Marekani hakumfanyi mtu kuwa Mmarekani.

Timu ya taifa ni jambo lingine. Huko mchezaji anasimama kwa niaba ya nchi. Lazima awe raia.

Huku mlimani tuna mifereji ya asili. Anayepata zamu ya maji ni yule aliyemo katika orodha ya mfereji. Siku ya kusafisha mfereji, anatoka na jembe lake. Mtu hawezi kuchukua maji ya mfereji huu leo, na kesho akadai zamu katika mfereji mwingine kwa sababu una maji mengi. Timu za taifa zina taratibu za namna hiyo.

MTU ANAKUWAJE RAIA WA TANZANIA?

Sheria ya Uraia tunayoifuata ni ya mwaka 1995. Inataja njia tatu.

Njia ya kwanza ni uraia wa kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Tanzania, na ambaye baba yake au mama yake ni raia, huyo ni raia wa kuzaliwa.

Njia ya pili ni uraia wa kurithi. Mtoto amezaliwa nje ya nchi, lakini baba au mama ni raia wa Tanzania. Mtoto huyo anaurithi uraia wa mzazi wake. Lakini urithi huu una mwisho. Kama mzazi mwenyewe alizaliwa nje na ni raia wa kurithi, mtoto wake aliyezaliwa nje harithi tena.

Njia ya tatu ni uraia wa tajnisi. Huu ni uraia wa kuomba. Mgeni anaomba, na Serikali inaweza kukubali au kukataa. Mwombaji anatakiwa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba. Tena, katika miaka 10 kabla ya hiyo miezi 12, awe amekaa nchini jumla ya miaka isiyopungua 7. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Awe na nia ya kuendelea kuishi hapa.

Kabila halimfanyi mtu kuwa raia. Dini haimfanyi mtu kuwa raia. Hata ndoa peke yake haimfanyi mgeni kuwa raia.

Uraia wa tajnisi haukuwekwa kwa ajili ya wachezaji. Mwaka 2014 Serikali ilitoa uraia kwa watu zaidi ya 160,000 waliotoka Burundi. Wengi wao ni wale waliokimbia vita mwaka 1972, pamoja na watoto wao. Leo wanalima na kulipa kodi kama Watanzania wengine.

Lakini wachezaji wakipewa uraia, watu husema sana. Januari 2025 wachezaji watatu wa mpira wa miguu wa klabu ya Singida Black Stars walipewa uraia wa Tanzania. Mmoja alitoka Ghana, mmoja Ivory Coast na mmoja Guinea. Habari ilienea nchi nzima. Wengine walifurahi. Wengine waliuliza kama masharti ya muda wa kukaa nchini yalifuatwa. Swali hilo si baya. Raia ana haki ya kuuliza sheria ya nchi yake inatumikaje.

SHERIA ZA MPIRA WA KIKAPU DUNIANI

Mpira wa kikapu duniani unasimamiwa na shirikisho linaloitwa FIBA. Shirikisho hili lilianzishwa mwaka 1932 mjini Geneva, Uswisi. FIBA ina sheria zake juu ya wachezaji wa timu za taifa. Tutazame tatu.

Sheria ya kwanza: mchezaji lazima awe raia halali wa nchi anayoichezea. Anathibitisha kwa hati ya kusafiria, ambayo wengi tunaiita pasi.

Sheria ya pili: timu ina wachezaji 12. Kati ya hao, ni mmoja tu anayeruhusiwa kuwa mtu aliyepata uraia baada ya kutimiza umri wa miaka 16. Nchi tajiri haiwezi kununua timu nzima kutoka nje. Ikitaka kushinda, lazima ifundishe vijana wake.

Sheria ya tatu: mchezaji aliyekwisha kuichezea nchi moja katika mashindano makuu rasmi ya FIBA, baada ya kutimiza miaka 17, hawezi kuhamia nchi nyingine kama apendavyo. FIBA inaweza kumruhusu aichezee nchi ya asili yake, kwa sababu maalumu. Lakini hiyo ni ruhusa ya kuomba, si haki.

MIFANO KWA JIRANI ZETU

Uganda walitumia nafasi yao ya mtu mmoja. Ishmail Wainright ni mzaliwa wa Marekani. Alipata uraia wa Uganda akiwa mtu mzima. Mwaka 2021 aliichezea Uganda katika mashindano ya Afrika mjini Kigali. Katika mashindano hayo Uganda iliishinda Nigeria.

Sudan Kusini ni mfano mkubwa zaidi. Nchi hiyo ilipata uhuru Julai 9, 2011. Watu wake wengi walikuwa wametawanyika kwa sababu ya vita. Wengine walikuwa Kenya na Uganda, wengine Misri, Australia na Marekani. Watoto wao walikulia huko, na wengi wakajifunza mpira wa kikapu.

Luol Deng ni mmoja wa watoto hao. Alizaliwa Wau. Familia yake ilikimbilia Misri, kisha Uingereza. Aliichezea Uingereza katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012. Baadaye akawa kiongozi wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Aliwatafuta vijana wa nchi yake popote walipokuwa.

Khaman Maluach alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akakulia Uganda. Lakini kukulia Uganda hakukumnyima uraia wa wazazi wake. Alikuwa na miaka 16 tu alipoichezea Sudan Kusini katika Kombe la Dunia la mwaka 2023. Vijana kama yeye hawahesabiwi katika ile nafasi ya mtu mmoja, kwa sababu uraia ni haki yao tangu kuzaliwa.

Ile nafasi moja walimpa Carlik Jones, mzaliwa wa Marekani. Katika Kombe hilo la Dunia, Sudan Kusini ilikuwa timu bora ya Afrika, ikapata nafasi ya kwenda Olimpiki. Mwaka 2024, katika Olimpiki ya Ufaransa, iliifunga Puerto Rico pointi 90 kwa 79. Nchi hiyo ilikuwa na umri wa miaka 13 tu.

Tunajifunza nini hapo? Mgeni alikuwa mmoja. Wenzake walikuwa watoto wa nchi. Mgeni mmoja anasaidia, lakini hajengi timu.

HATARI KWA VIJANA WA MPAKANI

Sasa turudi kwetu Kilimanjaro. Wilaya ya Rombo inapakana na Kenya. Watu wa Tarakea na Holili wanauziana ndizi, mahindi na maharage na jirani zao. Pia wanaoana. Mpaka haukuzuia ndoa hata siku moja.

Tuseme kijana amezaliwa Tarakea. Baba ni Mtanzania, mama ni Mkenya. Kwa sheria, kijana huyu ana haki ya uraia wa Tanzania kwa baba yake. Ana haki pia ya uraia wa Kenya kwa mama yake.

FIBA haimkatazi mtu kuwa na uraia wa nchi mbili. Inachotaka ni kwamba achague timu moja. Kenya pia, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, inamruhusu raia wake kuwa na uraia wa nchi nyingine. Lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto anaweza kuwa nao. Akifikisha miaka 18 lazima achague. Akitaka kubaki Mtanzania, aukane ule mwingine kwa kufuata taratibu za Uhamiaji.

Hapo ndipo pana mtego. FIBA inaanza kumfunga mchezaji akiwa na miaka 17. Tanzania inamtaka achague akiwa na miaka 18. Tuseme kijana wetu anasoma Kenya. Ana miaka 17 na nusu. Anaitwa kuichezea Kenya katika mashindano makuu ya FIBA, naye anakubali. Mwaka unaofuata anachagua uraia wa Tanzania. Atakuwa Mtanzania kamili. Atapiga kura na kurithi kihamba. Lakini mlango wa timu ya taifa ya Tanzania unaweza kuwa umefungwa.

Hatari nyingine ni kwa vijana wanaokwenda mbali kusoma na kucheza. Huko kijana anaweza kupewa uraia wa nchi ile. Mtu mzima akiuchukua kwa hiari yake, anapoteza uraia wa Tanzania. Akipoteza uraia, amepoteza na jezi.

MZAZI AFANYE NINI?

1. Mwandikishe mtoto mara anapozaliwa. Sheria inataka kuzaliwa kuandikishwe katika siku 90. Pata cheti cha kuzaliwa, ukitunze pasipo mvua wala mchwa.

2. Angalia majina. Jina la kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule liwe moja, na tarehe iwe moja. Mtoto akiandikwa jina la ubatizo hapa, na jina la ukoo pale, ofisi itaona watu wawili.

3. Usidanganye umri. Wengine hupunguza miaka ili mtoto acheze na wadogo. Hilo ni kosa. Likigundulika, mchezaji anafungiwa na timu yake inaadhibiwa.

4. Kama mzazi mmoja ni wa nchi nyingine, nenda Ofisi ya Uhamiaji ukaulize mapema, kabla mtoto hajafikisha miaka 18. Ofisi ya mkoa ipo Moshi mjini. Moshi hiyo hiyo ndiko kilipo chuo cha kufundishia maofisa wa Uhamiaji. Watu wa kukueleza hawapo mbali.

5. Mtoto aliyezaliwa nje na wazazi Watanzania atafutiwe hati ya kusafiria ya Tanzania kabla ya kutimiza miaka 16. Akichelewa, FIBA itachunguza kwanza kama kweli ana uhusiano na nchi. Itauliza aliishi hapa miaka mingapi, na alicheza ligi za hapa misimu mingapi.

6. Kijana asitie sahihi karatasi ya uraia au ya timu ya taifa ya nchi nyingine bila kuisoma na kuuliza.

Ndugu msomaji, mkulima wa kahawa hangojei mvua ndipo achimbe mashimo. Mashimo huchimbwa mapema, yakatiwa samadi, na mvua ikinyesha miche inapandwa. Cheti cha kuzaliwa ndilo shimo. Hata kama mtoto wako hatagusa mpira maisha yake yote, cheti hicho kitamsaidia kupata kitambulisho cha Taifa, mkopo wa masomo na kazi. Kama hujaandikisha wanao, mwone mtendaji wa kijiji chako juma hili.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Taja njia tatu za kuwa raia wa Tanzania.
2. Kwa nini FIBA inaruhusu mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya miaka 16?
3. Kijana wa Tarakea ana miaka 17. Ameitwa na timu za nchi mbili. Mngemshauri nini?
4. Ni watoto wangapi katika nyumba yako hawana cheti cha kuzaliwa?