Ncha mbili za kijiti

Siku ya mnada Mwandoya, Usukumani, vumbi huamka kabla ya watu. Magari ya mizigo yanaingia kutoka upande wa Bariadi na upande wa Mwanhuzi, ng'ombe wanaswagwa katikati ya barabara, bodaboda zinapenya penye nafasi na pasipo nafasi. Humo ndani utamwona mzee asiyeona akitembea nyuma ya kijiti. Ncha moja kaishika yeye, ncha ya pili kaishika mjukuu wa miaka tisa au kumi. Mtoto akikata kona, mzee anakata. Mtoto akisimama kuduwaa mbele ya muuza mipira, mzee naye anasimama, anasubiri. "Mwangaluka, babu!" sauti inapita, na mzee anaitikia kwa kumtaja mwenye sauti kwa jina. Wengi wetu wenye macho hatujui majina ya nusu ya watu tunaopishana nao.

Mtoto yule hayupo shuleni. Ada ilifutwa zamani, shule haiko mbali, ila siku ya mnada babu ana safari, na siku ya zahanati ana safari, na siku ya msiba pia. Ukizihesabu safari za babu, unapata wiki nzima.

Nilikuwa na picha hiyo kichwani nilipoanza kusoma habari za mbwa waongozaji, wale wanaovishwa mkanda wenye mpini mgongoni na kumtembeza asiyeona mjini. Nilitarajia kusoma juu ya utii. Kumbe somo gumu kuliko yote anayofundishwa mbwa huyo ni kukataa. Bwana wake akimwamuru avuke barabara ilhali gari linakuja, mbwa anapaswa kugoma, asimame kama kisiki, hata akivutwa. Asiyeweza kugoma hafuzu. Sasa mfikirie mjukuu. Nani amewahi kumfundisha mtoto wa Kisukuma kumwambia babu yake "hapana, hatuvuki"? Yeye amefundishwa shikamoo na kunyamaza.

Mbwa hao wana historia fupi kuliko tunavyodhani. Shule ya kwanza ilifunguliwa Ujerumani, mjini Oldenburg, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofushwa na Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1927 mama mmoja wa Kimarekani aliyekuwa akifuga mbwa Uswisi, Dorothy Eustis, aliandika jaridani juu ya shule za Wajerumani. Kijana asiyeona wa Nashville, Morris Frank, alisomewa makala hiyo na baba yake, akamwandikia mwandishi kuomba mbwa. Alikwenda Uswisi, akarudi 1928 na mbwa jike aitwaye Buddy. Waandishi wa habari wa New York wakamtaka aoneshe uwezo wake kwa kuvuka West Street, barabara iliyojaa magari. Akavuka, kisha akapeleka Uswisi simu ya maandishi yenye neno moja tu: mafanikio. Januari 1929 shule yao, The Seeing Eye, ilianzishwa Nashville. Baadaye ikahamia New Jersey, na ipo mpaka leo.

Watu hudhani mbwa ndiye anayejua njia, au kwamba anasoma taa za barabarani. La. Anayejua njia ni mtu, na anayesikiliza magari ni mtu. Mbwa kazi yake ni kukwepa vizuizi, kusimama penye ukingo, na kugoma penye hatari. Wanagawana kazi. Ndiyo maana mafunzo ya mwisho huwahusu wote wawili pamoja: mtu anakwenda kukaa shuleni wiki tatu au nne, anajifunza kumwamini mnyama.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kile kinachotangulia shule. Mtoto wa mbwa, akiwa na umri wa wiki saba au nane, hupewa familia ya kujitolea. Familia hiyo inamlea kwa mwaka mmoja na zaidi, inampeleka sokoni, kituo cha basi, ofisini, azoee kelele na umati, halafu inamrudisha. Inamlea kiumbe ikijua si wake. Wengine hulia siku ya kumrudisha, kisha wanachukua kijibwa kingine. Gharama iliyobaki hutoka kwenye michango. Pale The Seeing Eye, asiyeona hulipa dola 150 tu kwa mbwa wake wa kwanza, bei iliyowekwa tangu miaka ya 1930 na isiyopanda. Barani kwetu, Afrika Kusini walianza 1953, Gladys Evans aliporejea kutoka Uingereza akiwa na mbwa wake Sheena na kuanzisha chama kinachofanya kazi hadi sasa.

Mlete mbwa mwongozaji Mwandoya uone. Amefundishwa kusimama penye ukingo wa barabara. Ukingo uko wapi? Barabara na ua wa mtu na njia ya ng'ombe ni kitu kimoja. Atakula nini? Mbwa wetu hula makombo ya ugali na kujitafutia. Huyu anataka chakula cha kueleweka kila siku, katika nyumba inayosubiri bei ya pamba ndipo inunue sare. Kuna kupe, kuna ndorobo. Na kuna mbwa wenzake, akina Simba na Popi, walinzi wa zizi wasiojua kuwa mgeni yuko kazini. Hata huko Ulaya mbwa waongozaji wamewahi kustaafishwa mapema kwa sababu waling'atwa na mbwa wengine wakapata woga.

Halafu kuna sisi wenyewe. Kwetu mbwa ni tusi kabla hajawa mnyama. Mtoto huokota jiwe akimwona, na si uchokozi mtupu: kichaa cha mbwa kimeua watu vijijini, na anayeng'atwa mbali na hospitali hukimbizana na muda. Mbwa wa vijiji vinavyozunguka Serengeti walishutumiwa hata kwa kifo cha simba. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliingia hifadhini ikaua simba wapatao theluthi moja, na kwa miaka mingi timu za chanjo zimekuwa zikizunguka vijiji vya kando ya hifadhi. Siku ya chanjo hupendeza kuitazama: watoto wamewafunga mbwa kwa kamba za katani, mmoja kambeba wake begani kama mwanakondoo. Huwezi kusema hawa hawapendi mbwa. Wanampenda wa kwao, wanamwogopa wa jirani.

Wala usiseme Mtanzania hawezi kufunza mnyama. Pale Usa River, karibu na Arusha, mbwa wamefundishwa kunusa pembe za ndovu, wakapelekwa bandarini na viwanja vya ndege pamoja na askari wa Kitanzania na wa Kenya. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafunza panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya wao Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Panya! Tunaweza kufunza panya, tukakosa mtu wa kumfunza asiyeona kutumia fimbo nyeupe.

Maana hiyo fimbo ndiyo ingefika Mwandoya kabla ya mbwa yeyote. Haili, haiugui, haimtoi mtoto darasani. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, mkataba unaozitaka nchi zirahisishe vifaa vya kutembelea kwa gharama nafuu, na mwaka uliofuata ikatunga sheria yake. Kila Oktoba 15 tunaadhimisha Siku ya Fimbo Nyeupe, hotuba zikitolewa mjini. Fimbo bila mwalimu, hata hivyo, ni mti tu. Inataka mtu akae na mzee wiki kadhaa, amfundishe kupapasa mbele, kuhesabu hatua, kusikiliza. Na wapo wazee wasiohitaji fimbo wala mbwa: wana mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi. Wanachongoja ni nauli na mtu wa kuwaambia.

Mbwa mwongozaji hufanya kazi miaka minane hivi, kisha hustaafishwa. Anavuliwa mkanda, anapewa nyumba ya kuzeekea, na aliyekuwa akiongozwa naye hupatiwa mwingine. Mjukuu naye hustaafu, ila kwa namna yake: akifika miaka kumi na minne anaona haya kushika kijiti mbele ya wenzake, anaanza kuchunga, au anapanda lori la mnada kwenda Mwanza. Asubuhi yake babu anaita ndani ya nyumba, na anayetoka ni mdogo wake, wa miaka saba. Kijiti hakibadilishwi. Upande wa mtoto gome limekwisha kitambo.